Dawa za kudumu: Pengo linaloanza kwa mgonjwa asiyehesabiwa

MJI wa Elwak, ulioko mpakani mwa Kenya na Somalia katika Kaunti ya Mandera, ulipata jina lake kutokana na visima. Wafugaji huujia na kuuacha kwa kufuata maji na malisho, na familia iliyopiga kambi karibu na mji mwezi uliopita huenda mwezi huu ikawa umbali wa siku kadhaa. Kwa mtu mwenye siha njema, hayo ndiyo maisha. Kwa mwenye shinikizo la damu, kisukari au kifafa, yanazua swali gumu: dawa zikiisha atazipata wapi, na ni nani atakayejua kwamba anazihitaji?

Swali hilo si dogo. Shinikizo la damu mara nyingi halina maumivu, hivyo mgonjwa aliyeishiwa na tembe hujiona mzima hadi siku anapopatwa na kiharusi. Anayeacha dawa za kifafa ghafla naye huweza kuanguka mfululizo.

Kwa kawaida tabibu humpima mgonjwa, humwandikia cheti cha dawa za muda maalumu, mara nyingi mwezi mmoja, kisha humpangia siku ya kurejea kliniki. Tatizo liko katika hesabu. Mwenye tembe za siku 30 akiondoka malishoni siku ya 30, hana hata moja ya kumeza njiani. Ni busara kurejea akiwa amebakiwa na dawa za wiki moja, na ikiwa familia inajiandaa kuhama, amweleze tabibu mapema. Mgonjwa ambaye hali yake imetulia anaweza kuomba apewe dawa za miezi miwili au mitatu kwa mara moja. Katika matibabu ya virusi vya ukimwi nchini Kenya, utaratibu huo umekuwemo kwenye mwongozo wa Serikali tangu mwaka wa 2016. Wagonjwa wa presha na sukari hutegemea zaidi kiasi kilichopo kwenye stoo.

Na stoo hiyo hujazwaje? Hapa ndipo penye jambo ambalo wagonjwa wengi hawaelezwi. Tangu huduma za afya zilipogatuliwa mwaka wa 2013, kaunti ndizo zinazoagiza na kulipia dawa, hasa kutoka kwa Mamlaka ya Usambazaji wa Dawa nchini (KEMSA). Kituo hukadiria mahitaji yake kwa kutazama kiasi kilichotolewa katika miezi iliyotangulia, kisha huongeza akiba kidogo. Sasa tuseme dawa ya presha iliisha kwa wiki sita. Katika wiki hizo daftari linaonyesha kwamba hakuna aliyepewa. Mwenye kuandaa oda asipozingatia siku ambazo rafu ilikuwa tupu, atadhani mahitaji yamepungua na kuagiza kidogo zaidi, na upungufu utazaa upungufu mwingine.

Ndiyo maana mgonjwa aliyeambiwa hakuna dawa hapaswi kuondoka kimyakimya. Aombe jina lake liandikwe kliniki, pamoja na dawa aliyoikosa. Vilevile, anayejinunulia dukani kila mwezi bila kufika kituoni hahesabiwi, ingawa ndiye mhitaji hasa.

Kuhusu malipo, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 1, 2024. Huduma za zahanati na vituo vya afya hugharimiwa na Hazina ya Afya ya Msingi, mradi mgonjwa amejisajili; katika hospitali kubwa hutakiwa pia awe amelipa mchango wake.

Akilazimika kwenda kwenye duka la dawa, abebe kijitabu cha kliniki na pakiti ya zamani. Kinachofaa kusomwa ni jina la dawa yenyewe, mathalan amlodipine au metformin, wala si jina la kampuni wala rangi ya tembe. Wapo wanaomeza dawa ileile mara mbili kwa sababu tu pakiti hazifanani.

Kaskazini Mashariki imewahi kulipatia tatizo la kuhamahama jibu lililosikika duniani. Mnamo 1976 mjini Wajir, Mwitaliano Annalena Tonelli, ambaye masomo yake yalikuwa ya sheria wala si udaktari, alianzisha manyatta ya wagonjwa wa kifua kikuu. Wafugaji waliishi humo katika vibanda vya kwao, wakimeza dawa mbele ya msimamizi hadi wamalize. Kumeza dawa chini ya uangalizi kulikuja kuwa nguzo ya mkakati wa Shirika la Afya Duniani miaka ya 1990. Tonelli aliuawa Borama, Somaliland, Oktoba 2003.

Lakini kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa takriban miezi sita kikaisha. Presha na kisukari havina siku ya kumaliza, na hakuna mfugaji anayeweza kukaa manyatta maisha yake yote.

Yapo mambo mawili yanayohitaji uangalifu zaidi katika joto la Elwak. Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kati ya nyuzijoto 2 na 8, bila kugandishwa. Iliyokwisha kuanza kutumika huweza kukaa nje ya friji kwa takriban wiki nne iwapo joto halizidi nyuzi 30. Pasipo na friji, chupa iliyofungwa vizuri ndani ya mfuko huwekwa katika chungu cha udongo kinacholowanishwa maji, mahali penye kivuli na upepo. Jambo la pili ni Ramadhani. Mgonjwa wa kisukari anayenuia kufunga amwone tabibu wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi kuandama, ili saa na vipimo vya dawa vibadilishwe, au aambiwe waziwazi kwamba hali yake haimruhusu kufunga.