Sayansi ianzie ukingoni mwa Mto Umba

Yapo masika ambayo mvua haijanyesha Jego kwa siku kadhaa, lakini Mto Umba hufura na kuvamia mashamba. Mgeni hushangaa. Mwenyeji anajua kwamba mto huo huanzia katika milima ya Usambara, nchini Tanzania, kisha huvuka mpaka na kumwaga maji yake baharini karibu na Vanga. Mvua ya huko ndiyo mafuriko ya huku. Lakini je, ni mwanafunzi yupi wa hapa aliyepata kuulizwa darasani maji hayo huchukua saa ngapi kutufikia?

Nauliza hivyo kwa kuwa vijana wetu huhimizwa kila siku wapende sayansi. Chini ya mtaala wa umilisi, anayeingia Gredi ya 10 hutakiwa kuchagua mkondo mmoja kati ya mitatu, na mmojawapo ni ule wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Kijana atachaguaje kazi ambayo hajapata kuiona ikifanywa? Mhandisi wa maji hamjui, mtaalamu wa hali ya hewa humsikia redioni tu. Sayansi aijuayo ni ya kukariri na kuandika siku ya mtihani.

Dawa mojawapo, kwa maoni yangu, ni sayansi ya umma, yaani utafiti ambao watu wa kawaida hushiriki kupima na kuhesabu. Jambo hili si geni. Nchini Marekani na Kanada, siku ya Krismasi ya mwaka 1900, watu 27 walitoka kuhesabu ndege badala ya kuwawinda, na hesabu hiyo hufanywa kila mwaka hadi leo. Mwaka 1995 ulianza mpango wa GLOBE, ambao wanafunzi wa nchi nyingi, Kenya ikiwemo, hupima mvua, joto na mawingu.

Hapa Kwale tunao mfano ulio karibu zaidi. Kule Gazi, wanasayansi wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi (KMFRI) na wenzao wa Uingereza walishirikiana na wenyeji pamoja na watu wa kujitolea katika utafiti wa mikoko. Kazi hiyo ndiyo iliyouzaa mradi wa Mikoko Pamoja wa mwaka 2013, unaouza haki za kaboni kutokana na hekta 117 za msitu na kusaidia maji na elimu vijijini. Mradi wa namna hiyo ukafuata Vanga, Jimbo na Kiwegu, majirani wa Jego. Mvuvi aliyeujua mchu na mkandaa tangu utotoni akaona ujuzi wake ukigeuka tarakimu, na tarakimu zikageuka mabomba ya maji.

Basi shule zetu zianze na kidogo. Kipimamvua kimoja kisomwe saa tatu kila asubuhi. Mlingoti uliotiwa alama usimikwe mtoni, usomwe kutoka mahali palipo salama. Tarakimu ziandikwe katika daftari moja lisilopotea. Haba na haba hujaza kibaba: baada ya mwaka, darasa litakuwa na grafu yake lenyewe, na jiografia, fizikia na hisabati zitakuwa zimekutana katika swali moja lenye maana kwa mkulima wa mpunga.

Wapo watakaosema vipimo vya watoto haviaminiki. Na wasome wawili, kila mmoja peke yake, kisha walinganishe. Siku isiyopimwa iachwe wazi, isibuniwe tarakimu. Anayejifunza hayo akiwa na miaka kumi na mitatu amekwisha kujifunza uaminifu, ambao ndio msingi wa sayansi.

Watafiti nao wana wajibu. Anayechukua takwimu za wanafunzi na asiwarudishie matokeo amewafanya vibarua, hakuwafanya wanasayansi. Arudi, awaeleze alichogundua, na awasimulie alivyosoma hadi akafika alipo. Hapo ndipo mtoto hujiona katika kazi ile.

Sidai kwamba kipimamvua kitalipa karo au kujenga maabara; hayo yabaki mabegani mwa serikali na wazazi. Ila maabara bila swali ni chumba cha chupa tu. Enyi walimu, swali tunalo, nalo hupita mlangoni kila masika.