Urekebishaji wa Sauti katika Chivoti, Filimbi ya Mwanzi ya Wadigo

Chivoti ni filimbi ya kupulizwa kwa ubavu inayotumiwa na Wadigo wa mwambao wa Tanga nchini Tanzania na Kwale nchini Kenya. Fundo la mwanzi huziba ncha moja. Tundu la kupulizia hutobolewa karibu nalo, na matundu sita ya vidole hufuata.

Kiwango cha sauti hutegemea urefu wa hewa inayotikisika ndani ya mwanzi: urefu ukipungua, sauti hupanda. Kwa hiyo, sauti itokayo matundu yote ya vidole yakiwa yamezibwa ikiwa chini, ncha iliyo wazi hukatwa kidogo. Tundu moja likiwa chini, hupanuliwa, hasa upande unaoelekea kinywa. Likiwa juu, hupunguzwa kwa nta ya nyuki. Hata hivyo, nta hubanduka, ilhali mwanzi uliokatwa haurudi. Ndiyo maana yafaa tundu litobolewe dogo kwanza, kisha lipanuliwe taratibu kwa kusikiliza.

Vipimo vya sentimita havitoshi, kwani mianzi miwili yenye urefu sawa hutofautiana kwa upana wa ndani na unene wa ukuta. Anayehifadhi chivoti kwa kuandika urefu wake tu huhifadhi chombo, lakini hupoteza elimu iliyomo katika sikio la fundi.