KILIMO CHA VIAZI VITAMU: ADUI HUINGIA NA MARANDO

Watu wa Homa Bay na Migori, ambazo zamani zilikuwa wilaya moja ya Nyanza ya Kusini, wajua sana thamani ya kiazi kitamu, ambacho Wajaluo hukiita rabuon. Pande za Kabondo na Oyugis kiazi hiki ni chakula cha asubuhi, tena ni fedha: magunia hupakiwa kwenda miji mikubwa, na karo ya watoto wengi hutokana nacho. Shamba la viazi likiharibika, si sufuria peke yake inayobaki tupu.

Mavuno yakipungua, wengi wetu hulaumu udongo au mvua. Lakini mara nyingi adui huletwa na mkulima mwenyewe, begani pake, ndani ya mzigo wa marando.

Nayajua hayo kwa hasara yangu. Mwaka mmoja, baada ya kiangazi kikali, nilimwomba jirani marando, naye kwa ukarimu akanikatia mzigo mzima bila malipo. Miezi miwili baadaye majani yalikuwa madogo, yamekunjamana na kugeuka manjano. Siku ya kuvuna nilipata vizizi vyembamba kama vidole. Jirani hakunidhulumu, mimi ndiye niliyepokea bila kutazama.

Ugonjwa ule huletwa na virusi vya namna mbili vinapokutana katika mmea mmoja. Namna moja huenezwa na inzi weupe, na ya pili na vidukari. Vikiungana vyaweza kuteketeza karibu mavuno yote. Hakuna dawa ya kuuponya mmea uliokwisha kuugua, na rando lililokatwa kwake huelekea kwenda na ugonjwa huo huo.

Adui wa pili ni fukusi, mdudu mdogo mwenye mdomo mrefu. Hutaga mayai katika mashina na katika viazi, na mabuu wake hutoboa ndani. Kiazi kilichoingiliwa huwa kichungu, hata mtu hawezi kukila. Fukusi hana uwezo wa kuchimba udongo. Hupita katika nyufa, na ndiyo sababu huzidi wakati wa kiangazi.

Basi yampasa mkulima kufanya haya:

Kwanza, alikague shamba kabla ya kukata marando. Mmea uliodumaa ung'olewe na kuteketezwa.

Pili, akate ncha za marando, urefu wa futi moja hivi. Asitwae shina kuukuu la chini, kwa kuwa humo ndimo fukusi hupenda kutaga.

Tatu, shamba jipya liwe mbali na la zamani, na masalio ya mavuno yaondolewe yote.

Nne, apandishie matuta udongo mara kwa mara. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa mkulima wa viazi uko katika tuta lake.

Tano, viazi vikikomaa vivunwe, visiachwe ardhini kumngoja fukusi.

Huenda msomaji akauliza: kiangazi kikiyakausha marando yangu, nitafanyaje ila kuomba? Iko njia. Wakati wa kuvuna, chagua viazi vizima kutoka mimea yenye afya, uvipange katika beseni lenye mchanga mkavu, tabaka kwa tabaka, bila kugusana. Vikague kila mwezi na kuondoa vilivyooza. Wiki sita hadi nane kabla ya mvua, vipande katika kitalu kidogo karibu na nyumba na kuvimwagilia maji. Mvua ikinyesha utakuwa na marando yako mwenyewe.

Aina ya mbegu nayo husaidia. Kabode, yenye nyama ya rangi ya chungwa na vitamini A nyingi, ilizalishwa Uganda, Dkt. Robert Mwanga wa nchi hiyo alikuwa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016 kwa kazi ya viazi vya namna hii. Huvumilia virusi kiasi, lakini fukusi hamwogopi.

Kukataa marando yenye ugonjwa si kumdharau jirani. Nenda naye shambani mkayatazame pamoja. Pengine utamwokolea shamba lake, naye msimu ujao akakuokolea lako.