Mwanga wa Kasese: kwa nini mpigapicha anayeanza asiiachie kamera iamue yenyewe

Kamera ya kisasa inaweza kujipangia mwanga yenyewe, lakini mara nyingi hukosea pale inapohitajika zaidi: kwenye nyuso za watu. Kwa wanaojifunza kupiga picha chini ya milima ya Rwenzori, magharibi mwa Uganda, kuipanga kamera kwa mkono ni njia ya kulinda riziki yao na kumbukumbu za wateja wao.

Chukua mfano wa sherehe ya harusi huko Maliba, katika wilaya ya Kasese. Ni saa saba mchana. Bwana harusi amevaa kanzu nyeupe na koti jeusi, bibi harusi amevaa gomesi. Wamesimama ukingoni mwa hema, na nyuma yao kuna anga jeupe lenye mawingu. Mpigapicha anabonyeza kitufe. Picha inatoka na anga la kupendeza na milima iliyo wazi, lakini nyuso mbili za katikati zimekuwa nyeusi, macho hayaonekani.

Harusi hairudiwi kesho yake. Familia itabaki na picha hiyo, na mpigapicha atabaki na jina baya.

Kamera inaona nini?

Kosa hilo halitokani na ubovu wa kamera. Ndani yake mna kipima mwanga, na kifaa hicho kikipima kwa wastani tu hakijui uso ni nini wala kanzu ni nini. Hupima mwanga unaorudi kutoka kwenye vitu, kisha hupanga picha ili kwa wastani ifikie rangi ya kijivu cha kati.

Anga jeupe likijaa kwenye picha, kamera hudhani kuna mwanga mwingi kupita kiasi, ikaupunguza. Uso uliokuwa kivulini huzama gizani. Kinyume chake, mtu mweusi aliyevaa suti nyeusi mbele ya ukuta wa giza huifanya kamera iongeze mwanga, na ngozi yake hutoka imepauka kana kwamba imepakwa majivu.

Tatizo hilo huonekana pia katika studio ndogo za picha za vitambulisho, kama zile zinazohudumia watu wa mji wa mpakani kama Bwera, jirani na Mpondwe, ambako wasafiri na wafanyabiashara huvuka kwenda Kasindi nchini Congo. Pazia jeupe nyuma ya mteja huidanganya kamera, na picha yenye uso wa giza inaweza kukataliwa.

Historia nayo ina sehemu yake. Kwa miaka mingi, maabara za kusafisha picha za rangi zilisawazisha mitambo yao kwa kutumia kadi za kampuni ya Kodak zilizokuwa na picha ya mwanamke mweupe. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo, na watu weusi mara nyingi walitoka bila umbo la uso. Teknolojia imebadilika, lakini uamuzi wa mwisho kuhusu mwanga bado ni bora ubaki kwa mtu anayemjua aliye mbele yake.

Vidhibiti vitatu

Anayezungusha kitufe cha juu ya kamera hadi herufi M hukabidhiwa mambo matatu ya kuamua.

La kwanza ni tundu la lenzi, linalopitisha mwanga. Namba zake huwachanganya wengi, kwa kuwa f/4 ni tundu kubwa kuliko f/8. Ni hesabu ya sehemu tu: robo ya mkate ni kubwa kuliko thumuni yake. Tundu kubwa huingiza mwanga mwingi na kufifisha vilivyo nyuma ya mtu. Tundu dogo huonyesha wazi vya karibu na vya mbali, na kwa hiyo hufaa kwa kundi kubwa la ukoo au kwa mandhari.

La pili ni kasi ya shata, yaani muda ambao mwanga unaruhusiwa kuingia. Kwa 1/500 ya sekunde, mcheza ngoma huganda hewani. Kwa 1/30, mikono yake hugeuka ukungu, na hata mtikisiko wa mpigapicha mwenyewe huonekana.

La tatu ni ISO, ambayo huamua picha itoke na mng'ao kiasi gani kwa mwanga uliopo. ISO 100 hufaa juani. Ndani ya kanisa lenye madirisha machache, mpigapicha anaweza kuhitaji ISO 1600, pamoja na f/4 na 1/60 ya sekunde. Gharama yake ni chengachenga zinazoonekana kwenye sehemu za giza.

Vidhibiti hivi hufanya kazi kama mizani. Kutoka 1/125 hadi 1/250, mwanga hupungua kwa nusu. Kutoka ISO 200 hadi 400, mng'ao huongezeka maradufu. Kinachopunguzwa upande mmoja kinaweza kurudishwa upande mwingine. Anayeelewa hilo hana haja ya kukariri namba.

Kiganja ni kipimo

Wapigapicha wa studio kubwa hutumia kadi ya kijivu kupima mwanga. Anayeanza anaweza kutumia kiganja chake. Viganja vya watu wengi, weusi kwa weupe, havitofautiani sana kwa mng'ao.

Mpigapicha husimama kwenye mwanga uleule unaompata mteja, hugeuza kiganja kuelekea upande ambao uso wa mteja unaelekea, kisha hukikaribia kwa kamera hadi kiijaze picha nzima. Hubadilisha vidhibiti mpaka alama ya kipima mwanga ifike kwenye sifuri. Kwa kuwa kiganja kina mng'ao kuliko kijivu cha kati, huongeza mwanga maradufu, kwa mfano kwa kushusha kasi kutoka 1/250 hadi 1/125.

Baada ya hapo, haguswi tena na rangi ya nguo wala ukuta. Bwana harusi akipita mbele ya pazia jeupe au mlango wa giza, uso wake utatoka vilevile ilimradi mwanga unaompata haujabadilika. Hiyo ndiyo faida kubwa ya M.

Hata hivyo, kamera ina mipaka yake. Uso ukiwa kivulini na kanzu ikiwa juani, hakuna namba itakayoviokoa vyote viwili. Dawa ni kuwahamisha watu, wote wakae chini ya mwembe au barazani.

Saa za mwanga

Kasese iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, na hilo humsaidia mwanafunzi. Mwaka mzima jua huchomoza na kutua karibu saa moja. Kwa sababu wilaya hiyo iko upande wa magharibi wa eneo linalofuata saa za Afrika Mashariki, jua hufika kileleni si saa sita, bali karibu saa saba mchana. Hapo huwatia watu kivuli cheusi kwenye macho na chini ya pua.

Asubuhi na alasiri mwanga hulala ubavuni na kulainika. Lakini Maliba iko mashariki mwa milima, hivyo jua hujificha nyuma ya Rwenzori kabla halijatua rasmi. Na likishatua, giza huingia upesi. Anayepiga picha jioni lazima apime upya kila baada ya dakika chache.

Kwa mazoezi ya jua kali, ipo kanuni ya zamani: tundu f/16, na kasi inayolingana na ISO. Kwa ISO 100, kasi ni takriban 1/100 ya sekunde. Mwanafunzi anaweza kuanzia hapo, abadilishe kidhibiti kimoja tu kwa wakati mmoja, na kuandika daftarini alichokiona.

Picha zinazobaki

Mwaka 1906, Mwitaliano Vittorio Sella alipiga picha za Rwenzori kwa bamba za kioo, akiwa katika msafara wa Mtawala wa Abruzzi. Kamera yake haikuwa na kipima mwanga cha kumwamulia. Alilazimika kuusoma mwanga wa ukungu na barafu kwa macho yake. Picha zake bado hulinganishwa na za leo, na zinaonyesha jinsi sehemu kubwa ya barafu hiyo ilivyotoweka.

Mabadiliko hayako vileleni peke yake. Mwezi Mei 2020, Nyamwamba na mito mingine inayoshuka kutoka Rwenzori ilifurika na kuharibu makazi wilayani Kasese. Mto unapobeba nyumba, albamu ya familia huenda nayo.

Kwa hiyo picha ya harusi, ya bibi aliyeketi barazani au ya daraja la kijiji inaweza kuwa ushahidi pekee wa kilichokuwapo. Miaka thelathini baadaye, mjukuu atakayeishika hatauliza iwapo anga lilitoka vizuri. Atautafuta uso.