Kukwea pipa na mtoto wa miaka 11: jinsi tunavyopanga safari ya Ulaya tukiwa Ikungi

Wiki hizi mbili nimeulizwa swali moja na watu kama sita, wengine hapa kafe na wengine stendi: "Eti ni kweli mtoto anaweza kupelekwa Ulaya likizo kutoka huku kwetu?" Wanauliza kwa sababu habari imeshasambaa kwamba dada yangu na binti yake wanajiandaa kwenda Berlin mwezi wa sita. Aliyewaalika ni dada yetu mkubwa, ambaye ni nesi huko. Mimi siendi. Mimi ni yule mjomba anayejua kompyuta, kwa hiyo fomu zote zimeniangukia. Na nyie mnaosoma hapa najua mtaangukiwa hivyo hivyo siku moja, maana kwenye kila ukoo mzee akisikia neno "onlaini" anamtafuta kijana wa kafe. Basi acha nimwage data zote kwa pamoja.

Kwanza, umri. Hapa ndipo wengi hawapaangalii kabisa. Mpwa wangu ana miaka 11 na anatimiza 12 mwezi wa nane. Kwa safari za Ulaya namba 12 ni mpaka wa kweli kweli. Ada ya viza ya Schengen, tangu Juni 2024, ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 mpaka kabla hajafikisha 12. Chini ya miaka 6 ni bure. Tiketi ya ndege nayo ni hivyo hivyo: mashirika mengi yanamhesabu mtoto kuwa ni wa miaka 2 mpaka 11, na akifika 12 analipa kama baba yake. Halafu wanaangalia umri wa siku ya kusafiri, sio siku uliyonunua tiketi. Alama za vidole pia hazichukuliwi kwa mtoto wa chini ya miaka 12. Kwa hiyo safari ya Juni na safari ya Desemba kwa mtoto huyu mmoja ni safari mbili zenye bei tofauti kabisa. Dada alikuwa anataka Desemba. Nikampigia hesabu kwenye karatasi, akanyamaza.

Na ukiacha bei, Desemba kule ni baridi na giza. Berlin jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Mwishoni mwa Juni linazama saa tatu na nusu usiku, mtoto anacheza nje mpaka anachoka mwenyewe. (Kumlaza ni shughuli nyingine, funga mapazia.)

Tatizo la Juni kwetu Ikungi mnalijua: alizeti. Ndio wakati wa mavuno na kupiga, na hela inaonekana baadaye kidogo, wakati ubalozi unataka kuiona kabla. Ndio maana shemeji anabaki. Mwanzoni mpango ulikuwa waende wote watatu, ila mtu akiondoka shambani wiki tatu wakati huo, mwakani mtakula nini? Kubaki kwake kumepunguza gharama, ila kumeongeza karatasi moja muhimu sana: ridhaa ya baba. Mtoto chini ya miaka 18 akisafiri na mzazi mmoja, mzazi mwingine anatakiwa aandike kuwa ameridhia, ataje nani anasafiri na mtoto, wapi na tarehe zipi, na asaini mbele ya wakili. Ambatanisha nakala ya kitambulisho chake. Hata kama mnaishi nyumba moja na mnapendana ile mbaya, bado wanaitaka. Inazuia watoto kuibwa na mzazi mmoja, na mimi naona ni sheria nzuri.

Sasa tuje kwenye pasi. Mtoto lazima awe na pasi yake mwenyewe. Fomu inajazwa kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji, na ada ya pasi ya kawaida ni sh. 150,000. Sisi wa Ikungi tunapeleka makaratasi Uhamiaji Singida mjini. Kinachokwamisha watu sio pasi yenyewe, ni cheti cha kuzaliwa. Wilaya yetu imeanzishwa mwaka 2012, kwa hiyo wazazi wengi vyeti vyao vinasema Singida Vijijini, na hilo halina shida. Shida ni majina. Cheti cha RITA kinasema hivi, kitambulisho cha NIDA kina herufi moja imezidi, cheti cha shule kina jina la babu ambalo halipo kwingine. Kwa macho yetu ni mtu yule yule, kwa macho ya afisa wa viza ni watu watatu. Panga vyeti vyote mezani, soma herufi kwa herufi, na kama kuna tofauti irekebishe kabla hujaomba pasi, sio baada. Ukishakuwa na pasi yenye kosa, kosa hilo linakufuata mpaka kwenye tiketi.

Kuhusu viza yenyewe. Schengen ni nchi 29 zinazotumia viza moja ya muda mfupi, isiyozidi siku 90 ndani ya siku 180. Uingereza haimo, Ireland haimo, hizo zina viza zao. Unaomba kwenye ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, ile utakayoingia kwanza. Hawa wanakaa Berlin siku 16 na Paris siku 4, kwa hiyo ni Ujerumani bila ubishi. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na mwisho ni siku 15 kabla. Kwa kawaida jibu linatoka ndani ya siku 15, ila wanaweza kufika 45. Usisubiri mwezi wa tano. Nafasi za miadi kuelekea likizo zinajaa, na kutoka Ikungi mpaka Dar sio kwenda Puma na kurudi.

Bima ya safari ni lazima, yenye kiwango kisichopungua euro 30,000, na inayofanya kazi nchi zote za Schengen. Pasi iwe na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Ulaya, na kurasa mbili tupu. Tiketi weka nafasi tu, usilipe tiketi isiyorudishwa mpaka viza iwe mkononi. Ada ya viza hairudi hata ukinyimwa.

Haya, mshiko. Watu wa mjini wana slipu za mshahara, sisi huku tuna magunia, ng'ombe na hela ya simu. Ubalozi hausomi magunia. Njia mbili. Ya kwanza, mwenyeji akudhamini rasmi. Kwa Ujerumani karatasi hiyo inaitwa Verpflichtungserklärung (mtaizoea), mwenyeji anaifuata kwenye ofisi ya wageni ya mji wake, anaonyesha kipato chake, analipa euro 29, halafu anakutumia ile halisi, sio picha ya WhatsApp. Akisaini amejifunga: gharama zenu zote zikitokea, hata za hospitali, serikali inamdai yeye. Kwa hiyo msimlaumu ndugu wa ughaibuni akisitasita. Sio roho mbaya, ni deni.

Njia ya pili ni akaunti yako mwenyewe, na hapa naomba mnisikilize. Usikope milioni kumi ukaziweka wiki moja kabla ya kuchapisha taarifa ya benki. Afisa anaona akaunti ilikuwa na elfu arobaini miezi mitano, ghafla imenona, anajua. Bora anza mapema: kila mkiuza alizeti, vitunguu au ng'ombe, hela ipite benki na risiti itunzwe. Sisi tumefanya yote mawili, udhamini wa dada mkubwa pamoja na akaunti ya shemeji yenye mzunguko wa kweli.

Wanachotafuta hasa ni sababu ya kurudi. Hapo tuna nguvu kuliko tunavyofikiri. Hati hakimiliki ya kimila ya shamba, barua ya mtendaji wa kijiji, cheti cha ndoa, mume aliyebaki nyumbani, na kwa mtoto barua ya mwalimu mkuu inayosema yuko darasa fulani na muhula unafunguliwa tarehe fulani. Tarehe ya tiketi ya kurudi iwe kabla ya shule kufunguliwa. Mkichelewesha wiki mbili "kwa sababu bado kuna joto", barua ya mwalimu inageuka kuwa ushahidi dhidi yenu.

Vishoka. Wapo. Atakuambia ana mtu ubalozini, lete laki tano, taarifa ya benki atatengeneza yeye. Kaeni mbali kabisa. Karatasi feki ikikamatwa, maombi yako yanabaki kwenye mfumo wa viza wa Ulaya kwa miaka 5 na kila nchi ya Schengen inayaona. Mkubwa anaweza kusema amekosa safari moja, sawa. Ila mtoto wa miaka 11 kuanza maisha na rekodi hiyo, kwa kosa la wakubwa, ni dhambi. Ukinyimwa kihalali unapewa fomu yenye sababu, una haki ya kukata rufaa au kuomba upya ukiwa umerekebisha.

Sasa, mtoto mwenyewe anataka nini? Tulimuuliza, na ningeshauri kila mtu aulize. Mtoto wa umri huu sio mzigo wa kubebwa, ana maoni, tena mengi. Dada alitaka nchi tano kwa wiki mbili ili picha ziwe nyingi. Mpwa akasema anataka kumwona mjusi wa Tendaguru. Yule wa Lindi, ambaye mifupa yake Wajerumani waliichimba kati ya 1909 na 1913 wakaipeleka kwao. Amesimamishwa Berlin kwenye makumbusho ya viumbe asilia, urefu wa mita 13 na ushee, yaani ukiwa chini unamtafuta kichwa. Amemsoma shuleni, anamjua ni wa kwetu, na anataka kujua kwa nini yuko kule. Kwa kweli hilo swali hata mimi nalitaka jibu lake.

Halafu Berlin hiyo hiyo, mtaa wa Neukölln, kuna barabara ambayo tangu 2021 inaitwa Lucy-Lameck-Straße, jina la mama yetu aliyekuwa mwanamke wa kwanza kushika wadhifa wa uwaziri Tanzania. Zamani ilikuwa na jina la Wissmann, gavana wa kikoloni. Na eneo la Wedding kuna Maji-Maji-Allee, imebadilishwa jina Agosti 2024. Hizo ni bure, unatembea tu na mtoto anapiga picha chini ya kibao. Paris tumewapa siku nne kwa sababu ya jumba la Louvre, ambalo chini ya miaka 18 haulipi (Jumanne wanafunga). Tangu Desemba 2024 kuna treni ya moja kwa moja ya mchana kutoka Berlin mpaka Paris, kama masaa manane, na mtoto anaona nchi dirishani kuliko kwenye ndege.

Kutoka huku, wanapanda basi mpaka Dodoma, kilomita 200 na ushee, kisha SGR mpaka Dar, ambayo kwa Dodoma ilianza mwaka 2024. Wanalala Dar usiku mmoja. Msijaribu kuunganisha basi na ndege siku moja, tairi moja likipasuka Manyoni safari imeisha.

Mkifika kule, mpakani kuna mfumo mpya ulioanza Oktoba 2025: mama atapigwa picha, na mtoto wa chini ya 12 naye picha tu. Mtoto awe na karatasi mfukoni yenye anwani na simu ya mwenyeji, na ajue namba 112, ni ya dharura Ulaya nzima na ni bure. Atawaona watoto wa rika lake wanapanda treni peke yao kwenda shule. Ataomba na yeye. Dada amesema hapana, mama mkubwa amesema kituo kimoja tu, na mjadala huo mpaka jana usiku ulikuwa unaendelea kwenye simu kwa bando langu.

Miadi ya ubalozi ni mwezi ujao. Kama kuna mdau aliyewahi kupita njia hii na mtoto, hasa kwa mzazi mmoja kusafiri, atupe uzoefu hapo chini.