Mama, DDR Yako Ni Lini?

Katika kikao chetu kilichopita mama mmoja alituchekesha, kisha akatufikirisha. Alipofika CPN mara ya kwanza, muuguzi alimuuliza: "Mama, DDR yako?" Akajibu mbio: "Mume wangu hajawahi kushika bunduki!"

Hatukumlaumu. Hapa Bijombo, DDR tunayoisikia redioni ni ya wapiganaji: kuweka silaha chini, kuacha kundi, kurudi katika maisha ya raia. Tangu 2021 programu ya serikali inaitwa P-DDRCS. Nao Wajerumani na Wanorwe wa umri wetu watakuambia DDR ilikuwa nchi: Ujerumani Mashariki, iliyoanza 1949 ikaisha 1990. Herufi ni zile zile, maana ni mbalimbali.

Kwenye karatasi ya CPN, herufi hizo ni za Kifaransa: date des dernières règles. Ni siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho kabla ya mimba. Tunarudia: siku damu ilipoanza, si siku ilipokauka.

Kutoka siku hiyo muuguzi anahesabu siku 280, yaani majuma 40, apate DPA, tarehe inayotazamiwa ya kuzaa. Nawe unaweza kuhesabu nyumbani: ongeza miezi 9, kisha siku 7. Kama DDR ni tarehe 10 Januari, DPA ni 17 Oktoba. Hesabu hii inaitwa kwa jina la mganga Mjerumani, Franz Naegele, aliyefundisha Heidelberg miaka ya 1800.

Faida yake ni nini? Kushuka kutoka milimani hadi Uvira ni safari ndefu, na kuna siku njia haipitiki. Mama anayejua DPA yake anapanga mapema na mumewe: feza, nguo za mtoto, nani atabaki na wadogo, na siku ya kushuka. Lakini tarehe si ahadi. Wengi huzaa kati ya juma la 37 na la 42. Ukiona damu, maji yakipasuka, au kichwa kikiuma sana, usingoje tarehe, nenda.

Umesahau DDR? Mwambie muuguzi unachokumbuka: ilikuwa karibu na Pasaka, au tulipopanda maharagi. Hilo litamsaidia. Na kuanzia mwezi huu, tuweke alama kwenye kalenda, sisi na mabinti zetu.