Gia Zikiteleza, Tupime Kabla ya Kulipa



Kikundi kimoja tunachokijua kina gari kuukuu la gia za otomatiki la kubeba maziwa. Mlimani injini ilipiga kelele, lakini gari halikuvuta. Fundi akasema giaboksi imekufa. Akiba ya kikundi karibu iishe yote! Kumbe sili ilikuwa inavuja na oili ya giaboksi imepungua. Sili ilibadilishwa, oili ikaongezwa, gari likapanda.

Kwa hivyo, kabla ya kutoa pesa, tufanye hivi:

1. Tupime oili. Magari mengi hupimwa mahali tambarare, injini ikiwa moto na inanguruma, gia ikiwa P. Lakini kwanza someni kitabu cha gari. Pangusa kijiti, rudisha, chomoa tena. Oili nzuri kwa kawaida ni nyekundu. Ikiwa nyeusi na yanuka kuungua, klachi za ndani zimeanza kuisha. Kuongeza oili hakutaziponya. Ikifanana na chai ya maziwa, maji yameingia. Msiliendeshe.

2. Tusikilize sauti. Ka-ka-ka mkikata kona, mara nyingi ni jointi ya shafti ya mbele. Gubu! mkitia D au R, angalieni jointi za propela na mauntini. Mvumo unaofuata mwendo wa magurudumu, si wa injini, huenda ni beringi au difu. Hapo msikubali giaboksi ifunguliwe kwanza.

Andikeni mliyoyaona, mumpe fundi. Mwenye kujua tatizo lake hadanganywi upesi.